Mrejesho: tumepita chini ya Daraja la Wilkerson

Niliomba ushauri wa namna ya kupitisha jahazi la matanga lenye mlingoti wa mita 20.4 kutoka usawa wa maji, antena ikiwemo, chini ya Daraja la Wilkerson, Carolina Kaskazini, ambalo uwazi wake kutoka usawa wa maji hadi chini ya daraja ni takriban mita 19.5. Tumepita salama, nami nawashukuru kwa dhati mlionishauri tulilaze jahazi ubavu.

Tulitundika mifuko miwili ya maji, kila mmoja wa lita 600, kwenye ncha ya boriti ya tanga kuu iliyosukumwa nje upande wa kulia na kushikiliwa kwa henza (kamba ya kupandishia tanga). Mwanzoni mifuko iligusa maji na uzito wake ukapotea, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya maji hayavuti chochote. Ilitubidi tuipandishe, ndipo jahazi likalala nyuzi 20 na kilele kikashuka hadi mita 19.2 hivi.

Kusubiri maji yapwe kusingetusaidia, kwa sababu katika mfereji ule unaounganisha mito ya Alligator na Pungo kina hubadilishwa na upepo, si kupwa na kujaa kwa maji. Kwa hiyo tulisoma bao la vipimo nguzoni linaloonyesha uwazi uliopo, tukasogea polepole mno dhidi ya mkondo ili tuweze kurudi nyuma, huku baharia mmoja akitazama kilele kutoka kwenye mtumbwi wa mpira. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko urefu wa mkono wangu, na sikupumua vizuri hadi tulipotokea upande wa pili.