Vinundu vya mwaloni vina matundu, vimebunguliwa au ndo vilivyo?

Bint_Mkunazini: Asalaam alaykum. Mwenzenu nimenunua vile vinundu vya mti wa mwaloni (oak) vya kutengenezea wino, vya Uturuki, kilo nane, kufungua polo karibu nusu vina kitundu cha duara kama kilopigwa msumari. Ni fukusi? Usiku silali jamani.

Wete_Kwetu: Fukusi dawa yake majivu. Marehemu bibi choroko zake alizitia majivu na mwaka mzima hazibunguliwi, sku hizi nani anajua hayo.

Kalamu_ya_Mwanzi: Si fukusi. Kinundu chenyewe ni nyumba ya nyigu mdogo, hata hang'ati mtu. Jike anataga kwenye chipukizi la mwaloni, kifunza akianza kula mti unavimba kumzunguka, unamjengea nyumba na chakula humo humo, akishaota mbawa ndo anatoboa anatoka. Na nyigu wengi wa mwaloni kizazi kimoja ni majike matupu wanataga bila dume, kizazi kinachofuata ndo madume na majike, na vinundu vyao sura nyengine kabisa! Subhanallah. Visotoboka vina tanini zaidi, ile yenye ukakasi inayotoa weusi wa wino, ila vyenye tundu navyo ukivichanganya na salfeti ya chuma wino mweusi unatoka. Sasa hofu ya nini, unaandikia mwenyewe?

Bint_Mkunazini: Vya kuuza.

Kalamu_ya_Mwanzi: Ushauza au bado?

Bint_Mkunazini: Haya nasema. Matundu nimeyaziba kwa nta nikapaka masizi, kilo mbili zishaondoka kwa bei ya vizima. Pesa ya upatu ile, wenzangu wananingoja. Nta si sumu, na mie niliuziwa hivyo hivyo.

Mama_Abuu: Mwanangu, hiyo ghushi. Kumbuka hadithi ya Mtume, yule muuza chakula sokoni aloficha kilichorowa chini.

Chumbuni_Boy: Uzi wa kutunga huu. Mwaloni hauoti Unguja wala Pemba, kilo mbili za vinundu vya wino kanunua nani?

Bint_Mkunazini: Wallahi ninavyo hapa kwenye beseni. Kimoja kizima nimekivunja, nyigu yumo ndani kashaota mbawa, kakauka. Nimekaa namtazama.

Kalamu_ya_Mwanzi: Hatungi huyo, asovivunja hawezi kulijua hilo. Bint, vitie kwenye maji kidogo tu kisha uanike, vizito vinazama, vilivyotoboka vingi vinaelea hata ukiziba nta. Na mnunuzi wako akifanya hivyo atajua.

Bint_Mkunazini: Kanipigia mara mbili asubuhi, sijapokea. Nimwambie vipi?

Mama_Abuu: Mwambie avirudishe, na pesa yake umpe leo.