Goti la bandia la mama: seli 11,000 kweli ni nyingi?

Kitindamimba: Wakuu, mama aliwekewa goti la bandia miaka 2 iliyopita. Tangu Ramadhani limevimba, lina joto. Jana daktari kavuta maji kwa sindano: yana ukungu, mepesi. Seli nyeupe 11,000. Mbona nimesoma usaha ni kuanzia 50,000?

Mzee_wa_Maabara: Pole, mdogo wangu. Hiyo 50,000 ni ya goti la kuzaliwa nalo. La bandia lililokwisha kupona, 3,000 tu kwa mikrolita zinatia shaka, hasa neutrofili (aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria) zikipita asilimia 80. Bakteria hung'ang'ania chuma na plastiki, wakajifunika utando. Na maji ya goti lenye afya huvutika kama ute wa yai. Uchochezi (uvimbe na joto kama la mama) huuvunja ule ute, maji yakawa mepesi. Alimeza antibayotiki?

Kitindamimba: Amoksilini za dukani, siku 4.

Mzee_wa_Maabara: Aa, hizo za dukani! Mwambieni daktari leo. Zinaweza kuwaficha bakteria wasiote maabara. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla ya kuvuta, kama hali inaruhusu. Sampuli nayo huweza kukaa maabara hadi siku 14, maana bakteria wengine huota polepole.

Nesi_Mstaafu: Akipata homa kali au kuchanganyikiwa, msingoje majibu. Hospitali usiku huohuo.