MREJESHO: Kaka yangu na vidonge vya usingizi

Wakuu, mwezi wa tatu niliwaomba ushauri kuhusu kaka yangu: alipunguzwa kazini, madeni yakamwandama, akawa halali bila vidonge vya diazepamu, akivinunua dukani bila cheti cha daktari. Namshukuru mno aliyenionya nisimnyang'anye ghafla. Nilikuwa nimeshavificha! Daktari alituambia aliyezoea dawa hii akikatishwa mara moja anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Sasa anapunguza kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Usiku wa kwanza wa nusu kidonge alikaa barazani hadi adhana ya alfajiri, nami nikakaa naye. Kodi ya nyumba tumeichanga ndugu watatu. Juzi kalala saa tano nzima.