Kunduchi Wet 'n' Wild au Fun City Kigamboni? Bajeti ndogo, sare nashona mwenyewe

Mama Samira
Habari zenu wakuu. Shule zikifunga nataka tuwatoe watoto siku moja, nipo njia panda kati ya Kunduchi Wet 'n' Wild na Fun City ya Kigamboni. Hela haituruhusu kwenda kote, kwa hiyo nataka sehemu moja tushinde kutwa nzima. Halafu nimepania familia yote tuvae sare, kitenge kimoja, nashona mwenyewe maana cherehani ninayo. Kitenge bado sijanunua. Mliokwenda, wapi hela inaonekana imefanya kazi? Na nishone mishono gani ambayo watoto wataweza kuchezea?

Bonde la Msimbazi
Weka nyama basi dada. Mnakaa wapi? Watoto wangapi, wa miaka mingapi? Bajeti ndogo ya mmoja ni elfu sabini, ya mwingine ni laki tatu. Bila hayo kila mtu atakutajia anakopapenda yeye.

Kijana wa Tegeta
Kunduchi, usijiulize mara mbili. Unashuka Mtongani, barabara ya Bagamoyo, bajaji mpaka getini. Kigamboni sikukuu ukikuta foleni ya kivuko nusu ya siku inaishia pale Feri, watoto wameshalia, wamelala, wameamka.

Kibada Mwisho
Hiyo habari ya foleni ni ya anayepita Feri. Daraja la Nyerere linafanya kazi tangu 2016. Na Fun City ina michezo ya maji na ya nchi kavu, mtoto akichoka kuloa anabadilisha nguo anaendelea na mingine. Kunduchi zaidi ni maji. Mwenye mtoto mwoga wa maji atafanya nini kule kutwa nzima?

Kijana wa Tegeta
Atafundishwa kutoogopa.

Mwanahawa T
Mama Samira, kabla hujagusa mkasi soma hapa. Na mimi nimeshona sare za kitenge za watoto, na jambo hili bado linaniuma.

Tulikwenda bwawa moja, jina naliacha, mimi na dada zangu na watoto wetu. Wasichana magauni ya malinda, wavulana kaptula na mashati, kitenge kimoja chekundu chenye maua ya bluu. Tulipiga simu kabla, tukauliza kiingilio na watoto wa umri gani wanalipa nusu. Tukajibiwa vizuri kabisa. Kuhusu mavazi hakuna aliyetamka neno. Getini tukalipa wote, chakula tukaambiwa tuache nje. Haya. Tumepanga foleni juani, tumepanda ngazi mpaka juu ya slaidi, kijana wa bwawa akanyoosha mkono: nguo ya pamba hairuhusiwi, yenye zipu hairuhusiwi. Anayetaka kuteleza akakodi kostumu kule dirishani. Dirishani zimebaki za watu wazima tu.

Wakaruhusiwa kidimbwi cha wadogo. Hawajakaa sana, kitenge kikaanza kuchuja. Mwanangu alipotoka majini, michirizi myekundu ikawa inamshuka kwenye mapaja mpaka kwenye vidole vya miguu. Mama mmoja akapiga kelele akidhani mtoto amekatwa na kitu, watu wakaanza kuwatoa watoto wao. Mwanangu alilia kwa ile aibu ya kutazamwa. Tulipodai turudishiwe hela tukageuziwa tiketi, nyuma kumeandikwa hairudishwi. Muda uliobaki tulikaa kivulini na watoto wamejifunga khanga.

Kwa hiyo huo mjadala wa Kunduchi na Kigamboni ni wa baadaye. Piga simu kokote unakokwenda, uliza swali moja: nguo gani inaruhusiwa kwenye slaidi. Wakikujibu juu juu, uliza tena.

Kibada Mwisho
Pole sana dada.

Cherehani Haidanganyi
Alichosema Mwanahawa ni kweli, na sababu zipo. Kitenge cha pamba kinakunywa maji, gauni la malinda likilowa linakuwa zito, mtoto mdogo linamvuta chini. Kitambaa kilicholegea kinamfunika uso akiteleza. Zipu na vifungo vinachubua slaidi na kumkwaruza anayemfuatia. Mabwawa hayawaonei watu katika hili, kosa lao ni kutokusema mapema.

Ushauri wangu: shona jozi mbili. Kitenge cha kwendea, kupigia picha na kurudia. Kwa ajili ya majini nunua laikra, kitambaa cha kuvutika cha nguo za kuogelea, rangi moja inayofanana na rangi kubwa ya kitenge, shona kaptula na fulana za kubana za mikono mirefu, hapo na jua umelikinga. Sare inabaki sare. Ila laikra usiishone kama kitenge. Mshono ulionyooka ukivutika unakatika, weka zigizaga (mshono wa kwenda upande huu na huu) au ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa). Sindano iwe ya vitambaa vya kuvutika, ya kawaida inaruka mishono na kutoboa matundu. Uzi wa poliesta, wa pamba unaliwa na klorini, dawa ya maji ya bwawa.

Kitenge kijaribu kabla ya kukata. Chukua kipande cha pembeni, kiloweke maji ya moto na sabuni, kikamue, kiweke juu ya kitambaa cheupe upige pasi. Rangi ikihamia kwenye cheupe, hicho kitenge ni cha sebuleni.

Na hesabu yake: pisi ni yadi 6. Gauni la mama yadi 3, shati la baba mbili na nusu, mtoto mmoja yadi moja hadi moja na nusu kulingana na mwili. Familia ya watu watano pisi mbili zinatosha na unabakiwa na kitambaa cha mkoba.

Shemeji wa Ilala
Mnamtafutia mama wa watu gharama. Jozi mbili kwa kila mtu, hiyo bado ni bajeti ndogo? Nunua fulana nyeupe za jumla Kariakoo, bandika mfuko wa kitenge kifuani, kazi imeisha, yadi moja inatosha familia nzima. Kostumu nenda mitumba ya Karume asubuhi wanapofungua mabelo.

Mwanahawa T
Kostumu ya mtumba inakaa mwilini kama chupi. TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba.

Shemeji wa Ilala
Nguo za ndani ni nguo za ndani, kostumu ni nguo ya michezo. Ichemshe, ianike juani.

Cherehani Haidanganyi
Laikra usiichemshe, mpira wake unakufa.

Bonde la Msimbazi
Mnabishana kuhusu chupi na mleta mada hajasema hata anakaa wapi.

Ummu Talha
Naomba niulize hapa hapa. Sisi tunaovaa stara, hizo fulana ndefu za laikra na suruali zake pamoja na kofia wanaziruhusu? Binti yangu ana miaka 12 na hawezi kuvaa kostumu ya wazi mbele ya watu. Kuna sehemu yenye siku ya wanawake peke yao?

Cherehani Haidanganyi
Mara nyingi kinachoangaliwa ni kitambaa na kama nguo imebana. Laikra ndefu si tatizo. Baibui au mtandio wa kuning'inia hapo watakataa, na kwenye vigari vya kuzunguka hata mimi nisingeruhusu, ukinasa kwenye gurudumu ni shingo. Siku ya wanawake piga simu uliza, na uulize kama wafanyakazi wa siku hiyo nao ni wanawake.

Mama Samira
Wakuu samahani kwa kuchelewa kurudi, nilikuwa kazini. Tupo Mbagala Rangi Tatu. Watoto watatu, miaka 11, 7 na 3. Mimi na baba yao tunakuwa watano. Mkubwa anajua kuogelea kidogo, wa katikati anaogopa maji. Usafiri daladala. Mwanahawa, nimesoma yako nimesisimka, nilikuwa nimeshachagua mshono wa malinda.

Kibada Mwisho
Mbagala! Sasa Kunduchi ya nini? Unavuka jiji zima na watoto watatu kwenye daladala. Wewe unapita Kongowe, unaingia Kibada, kivuko hukioni wala daraja hulioni. Na huyo wa kati anayeogopa maji ana michezo ya nchi kavu ya kumtosha.

Kijana wa Tegeta
Kwa Mbagala sibishi. Lakini mkubwa wa miaka 11 anayejua kuogelea ataifurahia zaidi Kunduchi.

Mwanahawa T
Huyo wa miaka 3 ndiye wa kufikiria. Slaidi kubwa zina kipimo cha urefu, hatapanda, na kidimbwini lazima mmoja wenu awe naye umbali wa mkono muda wote. Maboya ya mikononi yasiwadanganye, yanachomoka. Kwa hiyo kiingilio cha mtu mzima mmoja ni cha kulinda tu. Ulizeni kama asiyeingia majini analipa sawa na anayeingia.

Shemeji wa Ilala
Au subirini maonyesho ya Sabasaba. Viwanja viko barabara ya Kilwa, barabara yenu hiyo hiyo, mabembea yanakuwepo, na kitenge chako unavaa mpaka jioni bila kuulizwa na mtu.

Mama Samira
Sabasaba baba yao hataki, anasema msongamano. Yeye anapenda Kigamboni, mkubwa ameshawaambia rafiki zake Kunduchi. Nitapiga simu kote nione. Cherehani, mashine yangu ni ya miguu, ya mshono ulionyooka tu, zigizaga haina. Laikra nafanyaje?

Cherehani Haidanganyi
Kata na uunge kwa mkono kwa mishono michache upime, kisha mpelekee fundi mwenye ovaloki apitishe tu, hiyo ni hela ndogo kuliko kushonesha. Ukikosa kabisa, mshono mfupi ulionyooka huku unavuta kitambaa kidogo mbele na nyuma, upitishe mara mbili. Si imara sana ila siku moja unafika.

Bonde la Msimbazi
Vitenge vya siku hizi ndiyo tatizo. Vile vya Urafiki, kiwanda cha Ubungo cha 1968, mama yangu alifulia mpaka vikachakaa na ua halijahama.

Shemeji wa Ilala
Sasa Urafiki yenyewe utaipata wapi. Chukua wax nzito, ibinye kwanza, ikitoa vumbi jeupe ni wanga mtupu, ikifuliwa inalegea.

Ummu Talha
Hiyo laikra ya kununua kwa yadi Kariakoo ipo mtaa gani? Nikienda naambiwa ipo ya magauni ya harusi tu.

Cherehani Haidanganyi
Waambie unataka ya nguo za mazoezi, si ile ya kung'aa. Ivute pande zote mbili, isipovutika pande zote iache.