Mafundi mnaoziba nyumba zenye AC: mnatuuzia silikoni, mnatuachia kuvu

Wakuu, nimekasirika na sitaki kuzunguka mbuyu. Nimelipa watu wa kuziba mianya ya nyumba ili hewa ya nje isijipenyeze, wakaja na bunduki zao za silikoni, wakapaka kila mahali jicho linapofika, wakachukua hela wakaondoka. Leo dari la jipsamu lina mabaka meusi, kabati lililoegemea ukuta wa nje linanuka uvundo, na kuna soketi ukifungua kifuniko chake unakuta matone ya maji. Soketi ya umeme! Nikiwapigia simu naambiwa mambo mawili: fungua madirisha nyumba ipumue, na shusha AC hadi 18 ikaushe. Majibu hayo ndiyo yamenifungulisha uzi huu, kwa sababu yote mawili yanazidisha maji ndani ya nyumba, na anayeyatoa anajiita mtaalamu.

Kosa lao la kwanza, na ndilo mama wa mengine yote, ni kudhani kwamba mwanya unaingiza joto tu. Kwenye hali ya hewa ya joto na unyevu, mwanya unaingiza maji. Tupige hesabu. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kila mita ya ujazo imebeba karibu gramu 23 za mvuke. Ndani, AC ikishatuliza chumba kwenye nyuzi 24 na unyevu asilimia 55, mita hiyo hiyo ina gramu 12 tu. Maana yake kila mita ya ujazo inayopenya inatuletea zaidi ya gramu 10 ambazo hazikuwepo. Nyumba ikipitisha mita za ujazo 50 tu kwa saa kwenye mianya yake yote, na nyumba nyingi zinapitisha zaidi ya hapo, hiyo ni zaidi ya nusu lita ya maji kila saa, zaidi ya lita 12 usiku na mchana. Fundi bomba akikuachia bomba linalomwaga lita 12 kwa siku ndani ya ukuta, utamwita arudi usiku huo huo. Haya kwa kuwa yanakuja yakiwa mvuke, hakuna anayewajibika.

Na mvuke huo AC lazima iugeuze maji ndipo iutoe nje. Kila kilo inadai kuondolewa joto la kilojuli 2,400 hivi. Kwa uvujaji nilioutaja, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya AC ya BTU 12,000 inaishia kukausha hewa iliyojipenyeza yenyewe, kabla haijampoza mtu hata mmoja. Umeme huo naulipa mimi, siyo aliyepaka silikoni.

Sasa sikilizeni habari ya umande, maana hapa ndipo kuvu inapozaliwa. Hewa ile ya nyuzi 30 na asilimia 75 huanza kuangusha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi chini ya 25. Chochote. Ubao wa jipsamu unaopulizwa na AC kwa chini una nyuzi 22 au 21. Juu yake, kwenye nafasi ya dari, kuna hewa ya nje imejaa tele. Ubao unatoka jasho kwa mgongo, mahali ambapo hakuna anayepatazama, unalowa taratibu, na siku baka likitokeza upande wa chini ujue huko juu kazi imekwisha zamani. Ukishusha AC hadi 18, umeupoza ubao huo zaidi, umezidi kuuweka chini ya nyuzi 25, jasho linaongezeka. Ukifungua madirisha, umeileta hewa ya umande ndani kabisa ifike kwenye kila ukuta uliokwisha kupoa. Huo ndio ushauri niliopewa. Na ninyi wengine mmepewa huo huo, nimesoma mada zenu humu.

Turudi kwenye kazi yenyewe waliyoifanya.

Tobo la mabomba ya AC. Kila nyumba yenye AC ya ukutani ina tobo linalopitisha mabomba ya shaba, waya na mpira wa maji. Tobo linachorongwa pana kuliko kinachopita, halafu fundi AC anabandika kifuniko cha plastiki cha urembo anaita amemaliza. Nyuma ya kifuniko kuna uwazi unaopitisha vidole, umeelekea nje moja kwa moja. Watu wangu wa kuziba wamekipaka silikoni kifuniko hicho pembeni kwa ndani, kikapendeza, na kwa nje hawakugusa. Kwa hiyo hewa inaingia tobo, inakuta mdomo umezibwa, inapanda ndani ya ukuta wenye uwazi. Wameuhamishia maji ukuta! Tobo linajazwa tangu upande wa nje, kulizunguka kila bomba, na linateremka kuelekea nje ili mvua isirudi ndani. Kazi ya nusu saa.

Halafu mabomba ya nyaya. Hili nimelitafuta mwenyewe kwa kijiti cha udi: ukiwasha AC na feni ya bafuni, ukakisogeza kwenye swichi na soketi za kuta za nje, moshi unasukumwa mbali na ukuta. Mabomba ya plastiki ya nyaya yanapanda hadi kwenye dari lenye joto na yako wazi kule juu. Ni mirija ya kunyonya hewa yenye unyevu hadi kwenye kisanduku cha chuma kilichopozwa na chumba. Ndiyo maana soketi ina matone. Nilimwonyesha msimamizi wao moshi huo, akasema "hiyo ni kazi ya fundi umeme." Fundi umeme naye atasema ni ya fundi dari. Fundi alumini anasema lake ni dirisha, ukuta haumhusu. Tobo liko katikati ya fani nne na halina mwenyewe, na kampuni iliyochukua hela ya "kuziba nyumba nzima" ilipaswa kuwa mwenyewe.

Madirisha ndiyo yamenitia uchungu zaidi. Madirisha ya alumini ya kutelezesha yana vitundu vidogo chini ya fremu kwa upande wa nje. Vile vimewekwa makusudi kutoa maji ya mvua yanayoingia kwenye reli. Hawa wameviziba vyote kwa silikoni! Mvua ilipopiga upande ule, reli zikajaa, maji yakamwagikia ndani juu ya plasta. Mwanya wenyewe, ule ulio kati ya fremu na tofali, uliojazwa plasta nyembamba inayopasuka kila alumini inapotanuka kwa jua, haujaguswa. Huo ulihitaji kukwanguliwa, kufutwa vumbi, kuachwa ukauke, kutiwa kamba ya povu ndani kisha silikoni juu ishike pande mbili. Wao wamepaka juu ya vumbi na rangi inayobanduka, na tayari imeinuka kama ngozi. Sehemu mbili walizojaza povu la kopo wameliacha wazi juani. Povu hilo bila kufunikwa linageuka njano na kupukutika, jua linalila.

Chumba kimoja waliniwekea karatasi ya ukutani ya vinaili wakisema ni "kizuizi cha unyevu." Jamani. Kwenye nchi za baridi kama Canada huweka nailoni upande wa ndani wa ukuta kwa sababu huko, wakati wa baridi, mvuke unatoka ndani ya nyumba yenye joto kwenda nje. Kwetu sisi wa joto na AC safari ni kinyume: mvuke unatoka nje kuja ndani. Ukiweka plastiki upande wa ndani umeuzuia mvuke huo pale pale kwenye ubaridi, unageuka maji nyuma ya karatasi, na gundi ya karatasi ni chakula cha kuvu. Nimebandua kona moja. Nyuma ni pinki na nyeusi. Kizuizi kama kipo kinakaa upande wa nje, na uso wa ndani unaachiwa rangi inayopitisha mvuke ili ukuta ukikosea upate njia ya kukauka.

Feni ya kufyonza hewa bafuni nayo imefungwa iwe inawaka mchana kutwa "kutoa unyevu." Feni ikitoa mita za ujazo 100 kwa saa, mita 100 lazima ziingie mahali pengine, na zitaingia kwenye hayo hayo matobo. Iwake mtu anapooga na muda kidogo baadaye, izimwe. Tena bomba lake halifiki nje. Linamwaga mvuke wa bafu ndani ya dari.

Watasema hakuna namna ya kujua nyumba inavuja kiasi gani. Uongo. Ipo feni inayofungwa mlangoni, inavuta hewa hadi tofauti ya shinikizo la ndani na nje ifike paskali 50, na inakupa namba: hewa yote ya nyumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa. Viwango vya ujenzi vya IECC vinavyotumika Marekani, kwenye toleo la 2012, viliweka kikomo cha mara 5 kwa maeneo yao ya joto zaidi, na mara 3 kwa mengine. Viwango vya Passivhaus vya Ujerumani, vya nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ni mara 0.6. Simdai mtu 0.6. Nadai namba kabla ya kazi na namba baada ya kazi, kama ninavyodai risiti. Kampuni isiyo na feni hiyo basi ipite na moshi mbele yangu kwenye kila soketi, kila taa ya darini, mlango wa kupandia darini na kila bomba linalotoboa ukuta. Halafu ndipo tuzungumze malipo.

Ninachotaka kwao nimekiandika kwenye barua: wafungue vitundu vya madirisha, wabandue vinaili, wazibe mabomba ya nyaya kule juu darini na matobo ya AC kwa nje, wafikishe bomba la feni ya bafu nje, wabadilishe mbao za jipsamu zilizooza. Kupaka rangi ya kuua kuvu juu ya mabaka, kama walivyopendekeza jana, sikubali. Ubao utaendelea kulowa kwa nyuma.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyesema ninunue AC kubwa zaidi, hapana. AC kubwa kupita kiasi inafikisha nyuzi haraka, inazima kabla haijakamua maji, na feni yake ikiendelea kuzunguka inarudisha chumbani unyevu uliobaki kwenye koili, yaani yale mabomba ya baridi ndani ya AC yanayokamua maji hewani. Utapata chumba cha baridi chenye unyevu asilimia 70. Nunua kipima unyevu kwanza, ni kitu kidogo, ukiweke mbali na AC. Lengo ni kukaa chini ya asilimia 60.

Aliyesema nyumba iliyozibwa inakosa hewa: watu wanahitaji hewa safi, sibishani na hilo. Iingie kwa njia moja tunayoijua, yenye chujio, ikapite kwenye koili ya AC au mashine ya kukausha hewa kabla ya kutufikia. Hewa inayotoka kwenye vumbi la dari kupitia tundu la swichi siiiti hewa safi.

Dada uliyeuliza kuhusu nyumba isiyo na AC: usizibe chochote isipokuwa njia za mvua na wadudu. Hakuna kilichopozwa, hivyo umande hauna pa kushukia kwa namna hii. Unahitaji upepo upite kutoka dirisha hadi dirisha. Haya yote ninayoyasema ni ya nyumba inayopozwa.

Na ndugu uliyeandika kwamba fundi wako ameziba tundu la hewa la bafu lenye hita ya gesi, naomba usisubiri majibu mengine humu. Zima hita sasa, fungua tundu hilo leo, asioge mtu yeyote mle mpaka liwe wazi. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha inatoa monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na mtu anaanguka kabla hajajua anaumwa nini. Ukishalifungua, mpigie fundi huyo umuulize ni nyumba ngapi nyingine ameziba hivyo, na wenyewe waambiwe.