Mashine ya mboga ya ndani bila udongo: mizizi imekuwa kahawia, majani ya juu ya njano

Mama_Kaunta

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wanaojua kuotesha mboga kwenye maji.

Mashine ni ile ya kukaa juu ya kaunta: matundu 12, tanki la lita 5, pampu ndogo ya kuzungusha maji, taa ya LED ya kupandisha na kushusha. Ipo jikoni, ghorofani, Dar es Salaam. Nimepanda saladi, mrehani na kotmiri. Mwanzo zilikwenda vizuri, sasa ni wiki ya tano na mambo ni haya:

- mizizi ya saladi ina rangi ya chai, inateleza, na maji yananuka
- majani machanga ya mrehani ni ya njano ila mishipa bado kijani
- saladi inaungua kingo za majani

Mbolea ni ya maji, chupa mbili A na B zinazotiwa pamoja, naongeza mpaka kipima TDS (cha chumvi zilizoyeyuka majini) kisome 900. Chupa zinaisha. Je, urea au NPK ya duka la pembejeo inafaa badala yake?

FundiMaji

Dada, mbolea iweke pembeni kwanza. Tumbukiza kipimajoto kwenye tanki saa nane mchana. Maji yakizidi nyuzi 25, hapo ndipo mizizi inapooza.

Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hubeba kama 7.5. Wakati huohuo mizizi kwenye joto inapumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo inakosa hewa, na kimelea kiitwacho Pythium kinaingia. Mizizi mizima ni myeupe na ukiivuta inakaza. Iliyooza ukiivuta ganda linabaki mkononi, unabaki na uzi mwembamba tu.

Cha kufanya:

1. Toa mimea yote. Mche ambao mizizi imeoza mpaka shinani, tupa. Uliobaki na mizizi myeupe, kata iliyokufa, suuza kwa maji ya baridi.
2. Jaza tanki maji na jiki, mililita 30 kwa kila lita (ile ya asilimia 3.5). Acha pampu izungushe nusu saa. Mwaga, suuza mara mbili, toa kichujio cha pampu ukisugue kwa mswaki. Hapo ndipo ute unapojificha.
3. Hamisha mashine mbali na jiko na nyuma ya friji.
4. Usijaze tanki mpaka juu. Mizizi iliyokwisha kurefuka iachie sentimita 3 hadi 5 hewani.
5. Weka jiwe la hewa (la kutoa viputo majini) na pampu yake, zinapatikana maduka ya samaki wa mapambo.
6. Taa iwake usiku: kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 3 asubuhi ni saa 15, zinatosha. Mchana joto la jua halikutani na joto la taa.

Chupa ya barafu ya mililita 250 inashusha tanki la lita 5 kama nyuzi 4 au 5, lakini baada ya saa chache joto limerudi. Ni msaada wa dharura, si mpango.

Mizani_Ndogo

Kuhusu mbolea: urea hapana. Kwenye udongo kuna bakteria wa kuigeuza kuwa naitreti. Kwenye tanki lako hawapo wa kutosha, itakaa pale na kuharibu maji. NPK ya chengachenga pia hapana, haiyeyuki yote na itaziba pampu. Hata ile ya unga 19-19-19 (namba ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu), soma mfuko: nyingi naitrojeni yake kubwa ni urea.

Lakini kabla sijakupa vipimo, nijibu: maji yako ya bomba, kabla ya kutia chochote, kipima TDS kinasoma ngapi? Na pH (kiwango cha uchachu wa maji)?

Mama_Kaunta

FundiMaji asante, joto ni 29 kweli. Mizani_Ndogo: maji ni ya kisima cha jengo. TDS 640. pH kwa matone inaonyesha kati ya 7.5 na 8.

Mizani_Ndogo

Basi mimea yako ina njaa, dada, huku kipimo kinasema imeshiba. Kipima TDS hakijui mbolea, kinahesabu chumvi yoyote. Kati ya 900 yako, 640 ni chumvi za kisima, chakula ni 260 tu. Visima vya pwani mara nyingi vina sodiamu na kloraidi nyingi. Hizo ndizo zinazounguza kingo za majani.

Njano yenye mishipa kijani kwenye majani machanga ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma kinaweza kuwemo, ila pH ikipita 6.5 mmea unashindwa kukichukua. Unataka 5.5 hadi 6.2. Limau na siki hushusha pH siku moja tu, kisha bakteria wanazila na inapanda tena. Tumia asidi ya fosforiki (phosphoric acid) ya kushushia pH, tone moja moja, ukipima kila mara.

Dawa ni kubadilisha maji. Dumu la lita 20 la maji ya kunywa yaliyochujwa, au ya mvua, yakisoma chini ya 50 yanafaa. Ya kiyoyozi husoma chini pia, lakini yamepita kwenye vumbi na metali. Kwa kitu cha kula yaache.

Kwa lita 10:

- NPK mumunyifu 4-18-38 yenye madini madogomadogo: gramu 6
- chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti): gramu 3
- kalsiamu naitreti inayoyeyuka yote: gramu 6

Pima kwa mizani ya sonara, kijiko kitakudanganya. Yeyusha NPK kwanza, kisha Epsom. Kalsiamu iyeyushe kwenye kikombe chake, uimimine mwisho huku unakoroga. Ukizichanganya zikiwa nzito maji yanakuwa meupe na unga unatuama chini: kalsiamu imeshikana na salfeti na fosfeti, na huo unga hauyeyuki tena.

Hapo utasoma takriban 800 kwa kipima cha skeli ya 500 (namba ambayo kipima hutumia kugeuza upitishaji umeme wa maji kuwa TDS). Kuna vya skeli ya 700, kwa hiyo angalia nyuma ya chako. Miche midogo ipe nusu. Tanki likipungua jazia maji hayohayo safi matupu, si mbolea, na kila baada ya wiki mbili mwaga yote uanze upya.

Taa_na_Feni

Naongeza kidogo. Ncha za majani ya ndani ya saladi zikianza kuwa nyeusi hata baada ya kubadilisha maji, usikimbilie kuongeza kalsiamu. Kalsiamu hupanda na maji ambayo jani linayapoteza, na penye hewa iliyotulia jani la ndani halipotezi kitu. Feni ndogo ikipuliza kwa mbali inamaliza kazi.

Taa iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya majani. Shina likirefuka na kulala, ishushe.

Saladi kwa joto la Dar huwahi kutoa maua na kuwa chungu, vuna majani ya nje mapema. Mrehani na nanaa zitakufaa zaidi. Nanaa haihitaji hata mbegu, kikonyo cha sokoni kinatoa mizizi majini. Kotmiri usihamishe mche, panda mbegu humohumo kwenye sponji.

Na umeme ukikatika, hiyo nafasi ya hewa aliyosema FundiMaji ndiyo itakayoiokoa mizizi pampu ikiwa imezima. Anayejaza tanki mpaka mdomoni hana akiba hiyo.

Mama_Kaunta

Nimewaelewa. Kisima naachana nacho. Hiyo 4-18-38 kama haipo madukani, mbadala wake ni upi?

Mizani_Ndogo

Uliza mbolea mumunyifu ya matunda, yenye potasiamu nyingi na naitrojeni ndogo, ile ya wakulima wa greenhouse. Hakikisha kwenye mfuko imeandikwa chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni na molibdenamu. Kisha weka hapa namba tatu za mfuko, tukupigie hesabu ya gramu upya, maana vipimo vya juu ni vya 4-18-38 peke yake.