Ushauri wakuu: mteja anataka nifute "Wabolsheviki" niweke "wakomunisti" kila mahali

Kalamu_Bandia
Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ya kutafsiri na kuingiza sauti video ya historia ya Urusi, ni ya chaneli ya YouTube ya jamaa mmoja, imeanzia enzi za mfalme wa mwisho mpaka vita ya Hitler. Skripti imejaa Bolshevik kila aya, mi nikaandika Mbolsheviki, Wabolsheviki, Ubolsheviki. Jana mteja kanirudishia anasema watazamaji wake hawalijui hilo neno na ni gumu kutamka, niweke "wakomunisti" au "wanamapinduzi" kila linapotokea. Roho inakataa ila sina hoja, historia yenyewe niliishia Form Four. Halafu kuna sehemu skripti inasema Wabolsheviki na Wamensheviki walikuwa chama kimoja, sasa nikiweka wakomunisti huku, kule naweka nini? Msaada plizi, kesho jioni natakiwa niwe nimewasilisha.

Mzee wa Kahawa
Mteja ndo bosi. Weka wakomunisti chukua chako sepa. Nani atakuja kukagua?

Mwl_Zamu
Usimsikilize huyo hapo juu, watakaokagua ni watu wa kwenye komenti na hawana huruma. Iko hivi mkuu. Mwaka 1903 chama cha wasoshalisti wa Urusi kilifanya mkutano mkuu wa pili, walianzia Brussels polisi wa Ubelgiji wakawasumbua wakahamia London, na huko ndo wakavurugana, ugomvi wenyewe ukianzia kwenye kipengele cha kwanza cha katiba ya chama: nani aitwe mwanachama? Lenin, yule aliyekuja kuongoza Wabolsheviki, anataka mtu awe ndani ya kikundi cha chama anafanya kazi kweli, Martov, aliyekuja kuongoza Wamensheviki, anasema hata anayesaidia chini ya maelekezo ya kikundi anatosha. Kura zikapigwa na Martov ndo AKASHINDA, 28 kwa 22. Wengi hawaijui hiyo. Lakini baadae wajumbe wa Bund (chama cha wafanyakazi Wayahudi) wakasusa wakatoka ukumbini, na wengine wawili nao wakatoka, basi ilipofika kuchagua wahariri wa gazeti la Iskra na kamati kuu upande wa Lenin ukajikuta una wengi. Kirusi "bolshinstvo" ni wengi, "menshinstvo" ni wachache, majina yakagandia hapo hapo.

Kwa hiyo Wamensheviki nao walikuwa wafuasi wa Marx vilevile, wanataka mapinduzi vilevile. Ukiandika "wakomunisti na Wamensheviki" umeshapotosha, na ukiandika "wanamapinduzi" ndo kabisa maana Urusi ya wakati ule kila kona kulikuwa na wanamapinduzi wa aina yake.

Kalamu_Bandia
Dah hii shule. Kwa hiyo ni jina la kundi na sio la imani?

Mwl_Zamu
Lilianza kama jina la kundi, likaja kuwa na imani yake ndani. Mtu akisema Ubolsheviki anamaanisha ile njia ya Lenin: chama kidogo chenye nidhamu kali, watu wanaofanya mapinduzi kama kazi yao ya kila siku, kikishaamuliwa kitu hamna kubishana tena, na madaraka yanachukuliwa kwa nguvu bila kusubiri ubepari uive kwanza. Hapo kwenye kusubiri ndo Wamensheviki walikuwa wanaweka breki. Na hilo jina la "wengi" lisikudanganye, uchaguzi wa Bunge la Katiba Novemba 1917, wakiwa TAYARI wameshika serikali, walipata kama robo ya kura tu, walioongoza ni wale Wasoshalisti Wanamapinduzi wa wakulima. Bunge lilikaa Januari 1918, siku moja, wakalifunga.

sisimizi
Nyongeza, angalia miaka kwenye skripti yako. Lenin aliporudi Petrograd (mji mkuu wa Urusi wakati huo) Aprili 1917 alitaka chama kibadili jina kiitwe cha Kikomunisti, wenzake hawakulifanya mpaka Machi 1918, na hata hapo wakaacha "(b)" mwishoni mwa jina, b ya Bolsheviki, ikakaa mpaka 1952. Kwa hiyo ukiandika Chama cha Kikomunisti kilipindua serikali 1917 umekosea kihistoria, jina hilo lilikuwa halijaanza. Baada ya 1918 ukichanganya haidhuru sana.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mwanangu kama video inafika kwa Hitler kuwa makini zaidi. Manazi walikuwa wanasema "Ubolsheviki wa Kiyahudi", ilikuwa propaganda ya chuki na ndo waliyoitumia kuhalalisha mauaji. Hilo liache lilivyo kwenye alama za kunukuu, usilifanye ukomunisti, mtazamaji aone ni maneno yao. Na Waingereza wana neno lao "bolshie", ni mtu mbishi asiyetaka kuambiwa, ukikutana nalo usije ukaandika Mbolsheviki lol.

kijana_wa_Ngambo_ZNZ
Kwetu Unguja wazee hata Mbolsheviki hawasemi, wale wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu cha 1963 wanaitwa makomredi basi, kila mtu anaelewa.

Mzee wa Kahawa
Sasa Trotsky, yule kiongozi mwenzake Lenin kwenye mapinduzi ya 1917, alikuwa upande gani? Maana kila video anatajwa

sisimizi
1903 alisimama na Martov dhidi ya Lenin, halafu akakaa katikati miaka na miaka, akaingia kwa Wabolsheviki 1917 miezi michache tu kabla ya mapinduzi. Stalin, aliyetawala baada ya Lenin, alikuja kumchapa na hiyo historia vizuri tu. Ila kina Zinoviev, Kamenev na Bukharin walikuwa Wabolsheviki wa zamani kabisa na wakapigwa risasi vilevile baada ya kesi za Moscow 1936 mpaka 1938, kwa hiyo kadi ya siku nyingi haikumwokoa mtu. @Kalamu skripti ikisema "Old Bolsheviks" ni hao, andika Wabolsheviki wakongwe.

Mwl_Zamu
Kuhusu ugumu wa kutamka, mwambie hao watazamaji wake wanatamka Lewandowski kila wikiendi. Mara ya kwanza andika "Wabolsheviki, yaani kundi la Lenin ndani ya chama cha wasoshalisti", baada ya hapo twende.

Kalamu_Bandia
Nimemtumia hizi hoja zenu kwa voisi noti ya dakika nne. Kajibu: "poa, waache Wabolsheviki, ila Wamensheviki wafute kabisa tufupishe."

sisimizi
😂😂 Huyo mteja wako ni Stalin. Usifute mkuu, ukiwafuta ile sehemu ya 1903 unabaki na Lenin anagombana na ukuta.